Uzi: Menyu ya wadi inayofuata eneo bunge, au namna ya kubadilisha machaguo kwenye fomu ya wavuti

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya vijana wanaotengeneza fomu za wavuti za basari, za usajili wa vikundi na za huduma nyingine za wananchi hapa pwani. Ndani ya fomu hizo kuna sehemu moja ambayo huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama takwimu zitakazokusanywa zitaaminika au la. Sehemu hiyo ni menyu kunjuzi mbili (orodha zinazofunguka mtu akizibonyeza) zinazotegemeana: mwombaji anachagua eneo bunge katika menyu ya kwanza, na menyu ya pili inatakiwa imwonyeshe wadi za eneo bunge hilo peke yake.

Kaunti ya Lamu inafaa kwa kujifunzia kwa kuwa orodha yake ni fupi. Ina maeneo bunge 2 na wadi 10. Lamu Mashariki ina Faza, Kiunga na Basuba. Lamu Magharibi ina Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Mtu akichagua Lamu Mashariki kisha akaikuta Witu katika menyu ya pili, fomu imemfungulia mlango wa kusema jambo lisilowezekana, na mwenye haraka au mwenye macho yaliyochoka mbele ya kioo kidogo cha simu atapita katika mlango huo.

Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kuziweka wadi zote ndani ya menyu ya pili na kuzificha zile zisizohusika kwa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa. Mimi siikubali njia hiyo. Chaguo lililofichwa bado limo ndani ya menyu, na kama lilikwisha kuteuliwa kabla ya kufichwa, litatumwa vilevile kwa seva, yaani kompyuta inayopokea fomu. Zaidi ya hayo, kivinjari cha Safari kwenye iPhone kimejulikana kwa muda mrefu kuyaonyesha machaguo yaliyofichwa kwa `display: none` kana kwamba amri hiyo haikuandikwa. Lililo salama ni kuyaondoa machaguo yote ya zamani na kuyajenga upya kutoka katika jedwali moja la data, ambalo hapa nimeliita `orodha`, hivi:

```
const maeneo = document.getElementById("eneo");
const wadi = document.getElementById("wadi");

function jazaWadi() {
  wadi.replaceChildren(new Option("Chagua wadi", ""));
  for (const w of orodha[maeneo.value] ?? []) {
    wadi.add(new Option(w.jina, w.nambari));
  }
  wadi.disabled = maeneo.value === "";
}

maeneo.addEventListener("change", jazaWadi);
jazaWadi();
```

Naomba mstari wa kwanza ndani ya kitendakazi hicho cha `jazaWadi` usomwe kwa makini kuliko mingine yote, yaani ule unaoweka chaguo tupu la "Chagua wadi" kabla ya wadi zenyewe. Menyu kunjuzi ya kawaida haikubali kubaki bila chaguo. Ukiijaza upya bila kusema ni lipi limeteuliwa, kivinjari chenyewe huteua la kwanza ambalo halijazimwa. Sasa zipange wadi za Lamu Mashariki kwa alfabeti, na ya kwanza itakuwa Basuba. Kila mwombaji wa Lamu Mashariki ambaye hakuigusa menyu ya pili, ama kwa kusahau ama kwa kudhani kwamba imekwisha kujazwa, ataandikwa kuwa mtu wa Basuba. Hiyo ni wadi ya ndugu zetu Waaweer, na fungu la basari likigawanywa kwa kutazama majina yaliyoorodheshwa chini yake, mtoto wa Basuba mwenye haki atashindana na majina ya watu ambao hawakuwahi kusema kwamba wanatoka huko. Wala hakuna atakayegundua, kwa sababu fomu imejaa na kila kisanduku kina jibu.

Kwa hiyo kanuni ninayoitetea katika uzi huu ni kwamba fomu isimchagulie mwananchi. Nafasi iliyoachwa wazi inaweza kuulizwa tena, ilhali jibu la uongo lililojazwa na mashine hufanana kabisa na jibu la kweli. Ongeza sifa ya `required` kwenye menyu zote mbili, na kwa kuwa chaguo la kwanza la kila moja lina thamani tupu, kivinjari kitakataa kutuma fomu mpaka mtu achague kwa mkono wake.

Mchangiaji, Malindi

Wa alaykum salaam, mwalimu, na shukrani kwa maelezo haya. Huku kwetu kazi ni kubwa zaidi, kwa kuwa Kaunti ya Kilifi ina maeneo bunge 7 na wadi 35, na fomu niliyopewa niitunze inapokea waombaji wa kaunti zaidi ya moja. Kwa hiyo ina menyu tatu: kaunti, eneo bunge, na wadi.

Nina maswali mawili. La kwanza, mtu akichagua Kilifi, kisha Malindi, kisha Ganda, halafu akarudi juu na kubadilisha kaunti kuwa Lamu, menyu ya maeneo bunge inabadilika vizuri, lakini menyu ya wadi inabaki imeshikilia Ganda. La pili, ripoti iliyotolewa na fomu hiyo inaonyesha Shella kama wadi moja yenye waombaji wengi kupita kiasi, ilhali sisi tuna Shella katika eneo bunge la Malindi, pamoja na Jilore, Kakuyuni, Ganda na Malindi Mjini, nanyi mna Shella yenu huko Lamu Magharibi. Je, nibadilishe jina la mojawapo ili zisichanganyike?

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Ndugu yangu wa Malindi, usibadilishe jina la wadi ya mtu. Shella zote mbili ni majina halali yaliyomo katika orodha rasmi, na wakazi wake watakapolitafuta jina hilo wanastahili kulikuta kama wanavyolijua. Kasoro imo katika kitu kinachotumwa kwa seva. Kila chaguo lina sehemu mbili: maandishi ambayo mtu anayasoma, na thamani ambayo seva inaipokea. Maandishi ni ya mwananchi, thamani ni ya hifadhidata, na haifai hizo mbili ziwe kitu kimoja. Zipe wadi nambari za utambulisho zisizojirudia, uziweke katika `value`, na Shella ya Malindi haitakutana tena na Shella ya Lamu hata kama maandishi yake yanafanana herufi kwa herufi.

Mkishafika kwenye nambari, hakikisheni zinahifadhiwa kama maandishi. Nambari ya Kilifi katika orodha ya kaunti ni 003 na ya Lamu ni 005. Ukilifungua faili la CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) kwa Excel bila kuiarifu programu kwamba safu hiyo ni ya maandishi, sufuri za mbele hudondoka na 005 huwa 5. Baada ya hapo `orodha["005"]` na `orodha["5"]` ni milango miwili tofauti, na menyu yako itafunguka ikiwa tupu bila kutoa ujumbe wowote wa hitilafu. Nimeona vijana wakiutafuta ugonjwa huu ndani ya JavaScript kwa muda mrefu, ilhali chanzo kimo katika faili waliloletewa.

Kuhusu Ganda iliyobaki, sababu ni hii: tukio la `change` hutokea pale mtu anapobadilisha menyu mwenyewe. Programu yako inapoibadilisha menyu, iwe kwa kuijaza upya au kwa kuandika `maeneo.value`, tukio hilo halitokei. Kaunti imebadilishwa na mtu, kwa hiyo maeneo bunge yamejengwa upya. Lakini maeneo bunge yamebadilishwa na programu, kwa hiyo hakuna aliyeiarifu menyu ya wadi. Dawa ni kuita ngazi zote za chini kwa mpangilio wake (`jazaMaeneo` hujaza maeneo bunge kama `jazaWadi` inavyojaza wadi):

```
kaunti.addEventListener("change", () => {
  jazaMaeneo();
  jazaWadi();
});
maeneo.addEventListener("change", jazaWadi);
```

Wengine hulilazimisha tukio la `change` litokee kwa `dispatchEvent`. Inafanya kazi, lakini kwenye fomu yenye ngazi tatu au nne inakuwa vigumu kujua nani amemwita nani, na mtu atakayeirithi fomu hiyo kwako atapata taabu.

Jambo jingine linalogusa majina: jengeni machaguo kwa `new Option` kama nilivyoonyesha, wala msiunganishe vipande vya HTML na kuvimwaga kwa `innerHTML`. Nchi yetu ina kaunti ya Murang'a. Ukiandika `value='` kisha ukabandika jina hilo, alama ya juu iliyo ndani ya jina inaifunga thamani kabla ya wakati wake na seva inapokea Murang badala ya Murang'a. Majina yenye ng' ni mengi katika lugha zetu. Hata pasipo jina la namna hiyo, data inayotoka nje na kumwagwa ndani ya ukurasa kama HTML inaweza kubeba hati, yaani msimbo wa kuendeshwa na kivinjari, ya mtu mwenye nia mbaya, na fomu ya basari imebeba majina ya watoto na nambari za simu za wazazi.

Nakuomba pia uangalie menyu ya kaunti kwa jicho la mzee aliyezoea mpangilio wa zamani. Zamani Malindi ilikuwa wilaya, na chini ya Katiba ya 2010 imo ndani ya Kaunti ya Kilifi. Wapo watakaotafuta "Malindi" kati ya kaunti 47 na kuikosa. Mstari mmoja wa maelezo juu ya menyu, unaosema kwamba wakazi wa Malindi na Magarini wachague Kilifi, utawaondolea shida hiyo.

Mchangiaji, Mpeketoni

Mwalimu, naomba kuuliza kuhusu mtandao. Fomu tunayotumia huku huiuliza seva kila mtu anapochagua eneo bunge, na seva hurudisha wadi zake. Mtandao ukiwa hafifu, watu husubiri menyu ya pili ijae, na wakati mwingine hujaa wadi ambazo si za eneo walilochagua. Hilo la mwisho ndilo lisiloeleweka kwangu, kwa sababu seva ikijaribiwa peke yake hujibu sawasawa.

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Swali hili ni zito na nitalijibu kwa urefu, kwa kuwa maeneo mengi ya kaunti yetu yana mtandao wa kubahatisha, na fomu iliyojaribiwa ofisini penye intaneti nzuri haijajaribiwa bado.

Seva inajibu sawasawa, ila majibu hayafiki kwa mpangilio yaliyoombwa. Mtu akichagua Lamu Mashariki, ombi la kwanza linaondoka. Kabla jibu halijarudi, anaona kwamba amekosea na kuchagua Lamu Magharibi, na ombi la pili linaondoka. Mtandao ukilichelewesha jibu la kwanza, la pili hufika mbele na kuijaza menyu vizuri, kisha la kwanza linafika na kuyafuta yote na kuweka Faza, Kiunga na Basuba chini ya Lamu Magharibi. Wala si lazima mtu awe amekosea. Katika baadhi ya vivinjari vya kompyuta, anayetumia kibodi na kupita juu ya machaguo kwa mshale huliamsha tukio la `change` kwa kila chaguo analolipita, kwa hiyo maombi kadhaa huondoka kwa mfululizo mmoja.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama mnahitaji kuiuliza seva kabisa. Kenya nzima ina wadi 1,450. Tukikadiria herufi 40 kwa kila wadi, pamoja na jina, nambari yake na nambari ya eneo bunge lake, tunapata herufi 58,000, ambazo ni ndogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu, na seva ikizibana kabla ya kuzituma zinapungua zaidi. Data ya namna hii hupakuliwa mara moja pamoja na ukurasa, na baada ya hapo menyu hubadilika papo hapo hata mtandao ukikatika. Kwa orodha ya maeneo ya utawala sioni sababu ya kufanya vingine. Kuiuliza seva kwa kila chaguo kuachwe kwa orodha ambazo ni kubwa mno au zinazobadilika saa kwa saa, kama nafasi zilizobaki katika boti ya kwenda Mtangawanda.

Orodha ikiwa ni ya namna hiyo, fanyeni mambo matatu. Menyu ya pili ifutwe na kuzimwa mara tu menyu ya kwanza inapobadilika, kabla hata ombi halijaondoka, ili mtu asiweze kuchagua kitu cha zamani wakati akisubiri. Ombi lililotangulia livunjwe kwa `AbortController`, zana ya kivinjari ya kusitisha ombi, au jibu linapofika lilinganishwe na kilichoteuliwa wakati huo na litupwe kama halilingani. Na ombi likishindikana, mtu aambiwe kwa maneno ya kueleweka kwamba wadi hazikupatikana na apewe kitufe cha kujaribu tena bila kupoteza alichokwisha kuandika. Menyu iliyobaki tupu kimya humfanya mzazi adhani wadi yake haimo katika mpango.

Niongeze kwamba kwa fomu inayohusu Lamu peke yake, wadi 10 hazihitaji menyu mbili. Menyu moja yenye makundi mawili ya `optgroup` (kichwa kinachokusanya machaguo chini yake), Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, inatosha kabisa. Haihitaji hati yoyote, inafanya kazi katika kila simu, na eneo bunge linajulikana kutokana na wadi yenyewe. Ufundi wa kubadilisha machaguo utumike pale orodha inapokuwa ndefu kiasi cha kumchosha msomaji.

Mchangiaji, Faza

Kaka, nashukuru kwa darasa hili. Mimi huwasaidia kina mama wa kisiwa cha Pate kujaza fomu kwa simu. Mtu wa Siyu hujijua kwa Siyu na mtu wa Kizingitini hujijua kwa Kizingitini. Menyu ikimwonyesha "Faza" tu, huniuliza kwa nini kijiji chake kimeachwa. Pia yuko kijana asiyeona anayetumia kisomaji cha skrini, naye huniambia kwamba menyu ya pili hubadilika bila yeye kujua. Na mtu akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma ili arekebishe jina, akirejea huikuta wadi imepotea.

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Dada yangu, umegusa mambo ambayo watengenezaji hawayaoni kwa kuwa hawakai kando ya mtu anayejaza.

Kuhusu vijiji, ule utengano wa maandishi na thamani niliomweleza ndugu wa Malindi ndio unaokusaidia. Thamani ibaki nambari ya wadi, na maandishi yasomeke "Faza: Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na jirani zake". Kina mama watajiona ndani ya menyu na hifadhidata haitaathirika hata kidogo.

Kuhusu kijana asiyeona, weka chini ya menyu ya kwanza kipengele kidogo chenye sifa ya `aria-live="polite"`, na kila machaguo yanapojengwa upya andika humo sentensi fupi, kwa mfano "Wadi 7 za Lamu Magharibi ziko tayari". Kisomaji kitaisoma bila kumkatiza. Usimrushe kwa nguvu hadi kwenye menyu ya pili. Miongozo ya ufikivu ya WCAG inataka mabadiliko ya thamani yasimhamishe mtu mahali alipo pasipo kumwarifu mapema. Ujue pia kwamba menyu iliyozimwa kwa `disabled` haifikiwi kwa kibodi na thamani yake haitumwi kabisa kwa seva. Kwa menyu inayosubiri hilo halina madhara, lakini wapo wanaoizima menyu iliyokwisha kujazwa ili isibadilishwe, na wadi hupotea njiani.

Kuhusu kurudi nyuma, vivinjari hujaribu kurejesha alichojaza mtu, lakini haviwezi kurejesha wadi katika menyu ambayo bado haijajengwa. Kwa hiyo ihifadhi thamani kabla ya kufuta, jenga upya, kisha uirudishe ikiwa tu imo katika orodha mpya:

```
const yaAwali = wadi.value || wadi.dataset.iliyohifadhiwa || "";
// jenga machaguo hapa
if ([...wadi.options].some(o => o.value === yaAwali)) {
  wadi.value = yaAwali;
}
```

Ukaguzi huo ni wa lazima, kwa sababu ukiandika thamani isiyokuwemo, menyu hubaki bila chochote kilichoteuliwa, hata lile chaguo tupu la mwanzo. Sifa ya `data-iliyohifadhiwa` huwekwa na seva pale fomu inapofunguliwa ili kurekebisha ombi la zamani, na wadi ya zamani ya mwombaji huonekana mahali pake. Mwite `jazaWadi` pia katika tukio la `pageshow`, ambalo hutokea hata ukurasa unaporejeshwa kutoka katika kumbukumbu ya kivinjari.

Mchangiaji, Malindi

Mwalimu, nimezipanga nambari na Shella zimetengana. Swali langu la mwisho: ikiwa menyu haiwezi tena kuonyesha wadi isiyohusika, je, seva bado inahitaji kukagua? Na mipaka ya wadi ikibadilishwa, nitaifuta ile ya zamani kwenye jedwali?

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Seva ikague kila mara. Menyu ni msaada kwa mwenye nia njema. Mwenye nia nyingine hutuma ombi lake moja kwa moja kwa seva bila kuifungua fomu, na anaweza kuandika eneo bunge la Malindi na wadi ya Witu kwa pamoja. Jedwali lililoijenga menyu ndilo litumike kukagua, ili pasiwe na orodha mbili zinazotofautiana. Na kwa kuwa kila wadi imo ndani ya eneo bunge moja tu, afadhali seva ipokee nambari ya wadi na ilitafute eneo bunge yenyewe.

Mipaka tuliyo nayo ilipangwa 2012 na kutumika mara ya kwanza katika uchaguzi wa Machi 2013, na Katiba inataka ipitiwe upya baada ya muda. Itakapobadilika, usifute mstari hata mmoja. Ongeza safu mbili katika jedwali, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma, na menyu ijengwe kwa wadi ambazo bado hazijakoma. Wadi iliyokoma haitaonekana kwa mwombaji mpya, ila ombi la mtoto aliyepata basari chini yake litaendelea kusomeka kwa jina lililokuwapo siku alipoomba. Fomu ya kurekebisha ombi la namna hiyo iionyeshe wadi ya zamani kama chaguo la ziada na imwombe mwenyewe achague mpya.